Mbwa na Mawe ya Kale: Maswali Mnayotuuliza Kila Wiki

Kuna kagrupu ketu hapa Nairobi, watu kumi na kitu na mbwa wanaokaribia idadi hiyo hiyo, Jumapili mbili kwa mwezi tunatoka nje ya mji kuwatembeza. Tulianza na msitu wa Karura kama kila mtu, halafu mmoja wetu ambaye alisomea historia akatupeleka Olorgesailie, pale penye mashoka ya mawe ya kale kwenye njia ya Magadi, na tangu siku hiyo tumegeuka watu wa mawe ya kale, hatuponi. Maswali yanakuja yale yale, kwa simu, kwa WhatsApp, hadi kwa foleni ya supamaketi, basi nimeona niyajibu yote mara moja nipumzike. Mahali natoa maoni yangu nitasema ni yangu, ukiona nimekosea niambie tukikutana, si lazima tugombane.

Naweza kuingia na mbwa wangu Olorgesailie?

Hili ndilo la kwanza kila mara. Pigia Makavazi ya Kitaifa (National Museums) simu kabla hujatoka nyumbani, uliza kuhusu siku ile unayoenda, na usimtegemee mtu aliyekwambia "sisi tuliingia mwaka juzi na hakuna aliyeuliza". Niliwahi kuona familia imeendesha gari kutoka Ruaka mpaka kwa geti la mahali fulani pa kale, sitapataja, watoto wako nyuma, rotwaila yuko mbele, kufika wakaambiwa mbwa hapana. Baba akabaki kwa gari na mbwa, milango wazi, masaa mawili akila ndizi zote za safari. Siku hiyo aliyefurahi ni rotwaila peke yake.

Sasa maoni yangu: hata ukiambiwa ndiyo, mbwa asifike pale mashoka ya mawe yamelala. Sisi tunaenda kwa zamu. Wawili wanaingia na kuzunguka na mwongozaji wa wageni, wawili wanabaki nje chini ya mgunga na mbwa, kisha tunabadilishana. Matembezi yenyewe ya mbwa tunayafanya nje ya ua, kwenye vijia vya mbuzi, tena mapema kabla jua halijapanda. Yaani mbwa anatembea nje, wewe unatembea ndani, na kila mtu anarudi nyumbani amechoka vizuri.

Kwani mbwa ataharibu nini, si ni mawe tu?

Ni mawe, ndiyo. Lakini ukiwa pale hebu angalia chini. Yale mashoka ya mkono hayako yote kabatini, mengi yameachwa pale pale chini yalipokutwa, na wewe unapita juu ya kijia cha mbao ukiyatazama. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita huko 1919 akaona mawe yaliyochongwa, lakini ni wanaakiolojia Louis na Mary Leakey waliofika 1942, vita vya pili vya dunia vinaendelea, wakayakuta yametapakaa mengi kiasi kwamba waliona heri mengine yabaki yalivyo. Waliosaidia kuchimba walikuwamo wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. 1947 pakafunguliwa watu waanze kuja kuona. Tabaka za mashoka zinaanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita hadi karibu miaka 490,000 iliyopita, ukisikia hivyo kichwa kinazunguka kidogo, ni kawaida.

Shoka ukilitoa pale ukaliweka mezani kwako Umoja ni jiwe zuri, basi. Linaloongea ni pale lilipolala: ni tabaka gani, kando yake kuna mfupa wa nani, vile vipande vidogo vilivyoruka wakati mtu anachonga vimeangukia wapi. Kuna pahali palikutwa mifupa ya tembo wa zamani, aina ambayo haipo tena, wanasayansi wanaiita Elephas recki, na karibu na mifupa kuna vipande vya mawe vyenye makali. Ule ukaribu ndio unaosema kuna mtu alikaa hapo akakata nyama. Ukiutoa ukaribu unabaki na mfupa hapa, jiwe pale, na hakuna hadithi. Mwanaakiolojia anapiga picha, anapima sentimita kwa sentimita, anachora, anaandika, ndipo anagusa. Mbwa anapiga makucha mara tatu.

Halafu udongo wenyewe. Ule weupe mnaoupiga picha sana ni wa ziwa lililokauka zamani, umejaa mabaki ya viumbe vya majini vidogo kuliko unavyoweza kuona kwa macho, ndiyo diatomiti. Ni laini, mvua inauosha na kila msimu vitu vipya vinachungulia. Kwa hivyo hata nje ya ua usidhani uko mahali patupu. Pita pale mbuzi wamepita kila siku, hapo hakuna jipya utakalovunja.

Wangu ametulia sana, hachimbi. Naweza kumwachilia?

Kila mtu anasema wake ametulia. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kuhusu Simba, mbwa wangu wa kienyeji, miaka sita hajawahi kuchimba hata bustani, akaona panya wa porini ameingia shimoni akageuka trakta. Kamba, tena fupi, mita mbili hivi inatosha. Zile za kujivuta na kurefuka mimi sizipendi huko, mbwa akiwa mita nane mbele yako ni kama hujamfunga, na ile kamba nyembamba inajizungusha kwa miiba ya migunga unabaki unafungua mafundo na huku yeye analia.

Mbwa anaweza kula fosili?

Haha. Mfupa uliogeuka jiwe haunuki chochote, mbwa wengi wanapita tu. Tatizo ni mfupa mpya wa mbuzi ulioachwa na fisi, huo ndio atauokota, na unaweza kumkwama kooni ama ukampa minyoo. Mfunze "wacha" kabla ya safari, sio siku ya safari.

Dada yangu yuko Uingereza anatuma picha na mbwa wake katikati ya mawe ya kale. Mbona huku mnatubana?

Muulize ni mawe gani. Kama ni Avebury, ni kweli, pale kijiji chenyewe kimekaa ndani ya duara la mawe, kondoo wanalisha humo, na mbwa anaingia akiwa kwa kamba. Aende Stonehenge na mbwa huyo huyo aone, pale wanaoruhusiwa ni mbwa wa kuwasaidia wenye ulemavu tu. Kwa hivyo hata wao hawana sheria moja.

Na tofauti kubwa ninayoiona mimi ni hii: jiwe la Avebury ni kubwa kama lori, mbwa wako akilikojolea analikojolea, halitasonga. Cha kwetu kinaenea kwenye kiganja na kimelala wazi. Ona hii: Olorgesailie kuna obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, na hapo hapo hakuna chanzo chake. Mwaka 2018 watafiti walitoa kazi yao wakaonyesha kwamba kama miaka 320,000 iliyopita watu walikuwa wanaipata kutoka mbali, kilomita 25 hadi 50, nyingine hata zaidi, na ndiyo maana wanasema huenda makundi tofauti yalikuwa tayari yanajuana na kubadilishana vitu. Sasa fikiria kipande kimebebwa na binadamu kilomita hamsini, kikangoja miaka yote hiyo, halafu kibebwe mita tano na spitsi wako.

Hao watu wa mashoka walikuwa na mbwa?

Hapana kabisa. Mbwa alitokana na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, na mabaki ya mbwa ambayo wataalamu hawayabishii sana ni ya miaka kama 14,000 hivi. Yaani ukisimama pale na mbwa wako, yeye ndiye mgeni kuliko wote.

Yale mabaki yenyewe yana habari nzuri. Yalipatikana Ujerumani, Oberkassel karibu na Bonn, mwaka 1914, mtoto wa mbwa amezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke. Meno yake yana alama kwamba aliugua vibaya akiwa mdogo, na waliochunguza wanaona ni distempa, ule ugonjwa ambao mpaka leo unamaliza vimbwa hapa Nairobi kwa sababu watu wanachanja kichaa cha mbwa peke yake wanasahau ile sindano nyingine. Mtoto wa mbwa mwenye distempa hajipi maji mwenyewe, hajisafishi. Aliishi wiki kadhaa akiwa hivyo, maana yake kuna mtu alikuwa anamlea, na mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Mimi nikikumbuka hiyo huwa nampa Simba kipande cha pili cha matumbo.

Joto je? Naona wengine wanaenda saa sita mchana.

Hao wasiige mtu na mtu asiwaige. Nairobi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, ukishuka barabara ya Magadi ukapita Kiserian unafika Corner Baridi, na pale ndipo baridi inaishia kweli kweli, kutoka hapo ni kuteremka Bonde la Ufa mpaka karibu mita 1,000. Mbwa aliyezaliwa Kikuyu au Limuru hajui joto hilo. Yeye hatoki jasho kama wewe, anapoa kwa kuhema tu, na wale wenye pua bapa kama pagi na buldogi hata kuhema hawawezi vizuri, hao tafadhali waacheni nyumbani kabisa, hapa sibembelezi.

Weka nyuma ya kiganja chako kwenye ardhi au lami uhesabu hadi saba. Ukishindwa, nyayo zake pia zinashindwa. Beba maji yake mbali na yako, mimi hubeba lita tatu za Simba peke yake na bakuli la plastiki. Dalili za joto kumzidi ni kuhema bila kutulia, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba kama mlevi, kutapika. Hapo usingoje: kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini hasa tumboni na miguuni, umpepee, anywe kidogo kidogo akiweza, na gari liwashwe kwenda kwa daktari huku unaendelea kumlowesha. Joto lake la kawaida ni digrii 38 na kitu, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kumwacha kwenye gari lililofungwa hata kama umefungua kidirisha kidogo ni kumuua, na nimesema hivyo makusudi.

Nyoka wapo?

Wapo. Kuna moma, wengine wanamwita kifutu, ambaye hakimbii, analala tu kijiani anafanana na majani makavu, na mbwa anaenda kumnusa. Kuna swila anayetema. Ukitemewa mbwa machoni osha kwa maji mengi sana, usipake maziwa wala dawa ya jirani. Akiumwa, usikate, usinyonye, usifunge kamba kuzuia damu, mbebe asitembee, umpigie daktari mkiwa njiani ili ajipange. Picha ya nyoka ukiipata kwa mbali sawa, ukikosa achana nayo, mtu wetu mmoja alirudi kumtafuta nyoka ampige picha na mkewe alimwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa.

Lakini mimi naogopa nyani kuliko nyoka. Dume la nyani lina meno marefu kuliko ya jamani shepadi wako na haliji peke yake. Mbwa akiwafukuza kwa sekunde kumi za kwanza anajiona shujaa, ya kumi na moja wanageuka. Cha kuchekesha ni kwamba Olorgesailie zamani kulikuwa na nyani wakubwa zaidi ya hawa wa leo, mifupa yao mingi ilikutwa pamoja na mashoka, basi ujue ugomvi wa nyani huko ni wa kale pia.

Kariandusi na Hyrax Hill?

Kule Gilgil na Nakuru, safari ya siku nzima kutoka hapa. Utaratibu ni ule ule, simu kwanza, mbwa nje, watu kwa zamu. Kila pahali pana shida yake ndogo ya mbwa.

Kariandusi ni obsidiani. Mashoka mengi pale yamechongwa kwa hilo jiwe na eneo lote la Elmenteita lina vipande vyake. Linavunjika na kuwa kali kuliko wembe, ndiyo sababu watu wa kale walilipenda, na nyayo za mbwa halizihurumii. Rafiki yangu alikuwa anatembea na labrado wake kandokando ya barabara huko, si ndani, wakaona damu kila hatua na mbwa hata halii. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika kadhaa, funga bendeji, vika soksi juu, rudi. Beba soksi za mtoto, zinatosha vizuri sana.

Hyrax Hill tatizo liko kwa jina. Hyrax kwa Kiingereza ni pimbi. Hao wanyama wamejaa kwa miamba wanaota jua, wanapiga kelele, na mbwa akiwaona akili inahama. Ni kilima kizuri mno, Mary Leakey alichimba hapo 1937, kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa huko, walikokuwa wanaweka ng'ombe, na kuna bao zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, vishimo vimepangwa kwa safu kama hii bao tunayocheza leo. Nilikaa pale karibu nusu saa nikijiuliza nani alikuwa anashinda. Mbwa anayeruka miamba akifuata pimbi atakojoa popote, na mkojo una chumvi, ukirudiwa mwaka hadi mwaka jiwe linabanduka ngozi. Huko simpeleki Simba hata karibu na uzio, anabaki Nakuru mjini kwa shemeji.

Hell's Gate na Longonot?

Hapana. Hizo ni mbuga za taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi, na msijaribu kumficha kwa buti ya gari. Kuna mtu alinieleza kwa furaha jinsi alivyofanikiwa. Sikumpongeza. Mbwa anaweza kupeleka ugonjwa kwa wanyama wa porini, ile distempa tena, mwaka 1994 iliua simba wengi Serengeti na Masai Mara.

Na hapa karibu, mtu asiye na gari?

Karura. Mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwa kamba muda wote, na renja akikwambia ufunge usimjibu kwamba wewe ni mkazi wa Muthaiga. Yale mapango kando ya mto si ya mamilioni ya miaka lakini kwetu ni ya maana, wazee wanasimulia wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo miaka ya hamsini, na msitu wenyewe upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa 1999 wakiutetea usigawanywe. Mimi humshika Simba nje ya mdomo wa pango. Popo wamo, kinyesi chao kimo, na watu wengine wanaingia kuomba.

Lukenya nayo iko karibu, njia ya Mombasa, ina mapango madogo ya watu wa zama za mawe, lakini ardhi ni ya wenyewe, ng'ombe wanalisha na chui wanatajwa. Bila mwenyeji usiende.

Tunaenda Pwani Disemba na mbwa. Gede, Jumba la Mtwana?

Hapa sahau kidogo habari ya mawe, fikiria watu. Yale ni magofu ya miji ya Waswahili iliyohamwa, na ndani yake kuna misikiti na makaburi. Jumba la Mtwana peke yake ina misikiti minne. Paa hakuna lakini bado ni misikiti, na kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa mtu nguo itabidi ioshwe kabla ya swala. Ukimkuta mzee njiani vuta kamba upande wako, msalimie, ngoja apite. Sio kwamba anamchukia mbwa wako. Gede pia kuna kima wengi waliozoea wageni, na mbwa na kima hawapikiki chungu kimoja.

Kaya za Wamijikenda, na kule Kisumu Kit Mikayi, ni mahali pa ibada mpaka leo. Huko mbwa sipeleki.

Kinyesi tunakiweka wapi na mifuko ilipigwa marufuku?

Swali zuri kuliko mnavyofikiri. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, misitu wala fukwe. Sisi tunatumia gazeti na mfuko wa kaki, halafu vyote vinaingia kwenye mkebe wa zamani wa Kimbo wenye kifuniko ambao unakaa kwa buti na haufanyi kazi nyingine duniani. Tunarudi nacho nyumbani. Usichimbe shimo ufukie! Mtu wetu mmoja alitoa kijiko cha bustani aanze kuchimba mita mia mbili kutoka kwa ua, kwa nia njema kabisa, mwongozaji alipiga ukelele nikadhani ni nyoka.

Wenyeji wana mbuzi. Mbwa wangu akifukuza?

Utalipa, na ni haki yao. Eneo lote la Oltepesi kwenda Magadi ni la wafugaji Wamasai. Ukiona kundi linakuja simama, toka kijiani, mbwa akae upande wa mbali. Wasalimie, sopa, waulize kama mnaweza kupita, mtoto anayechunga ana mamlaka pale kuliko wewe na gari lako. Mbwa wa boma wakija usikimbie na usiwapige mawe, ita mwenyewe, atawatuliza kwa neno moja. Siku nyingine kijana wa pale alimtazama mbwa wa mmoja wetu, kale kadogo kenye sweta, akauliza kwa upole kabisa: "Huyu anafanya kazi gani?" Hatukuwa na jibu mpaka leo.

Chanjo ni lazima?

Kwetu ndiyo, usipokuwa na cheti huji. Kichaa cha mbwa kila mwaka, na ile ya distempa na parvo. Dawa ya kupe pia, siku kadhaa kabla sio asubuhi ya safari, na mkirudi mpapase masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Homa ya kupe inaanza polepole, mbwa anakataa chakula tu, siku ya tatu ufizi umekuwa mweupe.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wenu au wa huko: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, kwa hivyo hakuna cha kusema "tungoje tuone".

Matatu zinabeba mbwa?

Inategemea konda ameamka vipi. Mbwa mdogo kwenye kikapu ukilipia kiti wengine wanakubali. Mbwa mkubwa usahau. Wengi wetu tunachangia mafuta.

Mbwa wangu akileta jiwe lililochongwa mdomoni nifanye nini?

Usiliweke mfukoni. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inalinda vitu hivyo na kuondoka navyo ni kosa. Liweke chini pale alipolidondosha, usijifanye unakumbuka alikolitoa, piga picha na simu ikiwa imewasha lokesheni, kisha mwonyeshe mwongozaji au mtu wa makavazi.

Wengine mnapenda kunitajia Lascaux, pango la michoro kule Ufaransa, kwamba lilipatikana 1940 kwa sababu mbwa wa kijana Marcel Ravidat, jina lake Robot, aliingia shimoni. Hadithi hiyo inasimuliwa sana, na ni tamu. Malizieni basi na sehemu ya pili: kufikia 1963 pango lilifungwa, kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu michoro. Hapo hakukuwa na mbwa.

Mbwa wako anaitwa Simba na mnaenda upande wa Magadi, haileti shida?

Imeleta. Alichomoka kwa kola jioni moja, nikaanza kuita "Simba! Simba!" kwa sauti yote, na upande ule simba wa kweli wapo. Familia iliyokuwa inachoma nyama ng'ambo iliingia kwa gari yote, na nyama ikabaki nje. Simba aliipata. Siku hizi ana mkanda wa kifuani badala ya kola, na huko porini tunamwita Tosha.

Mnaondoka saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri Rongai, pale kwa stesheni ya petroli ya kwanza ukitoka mjini. Hatungoji mtu. Saa mbili na nusu mbwa wameshamaliza kutembea, ndipo zamu ya kwanza ya watu inaingia, na saa tano tunapanda kurudi, tunasimama Kiserian kwa choma. Mbwa wanapata mifupa. Ya mbuzi, mibichi, sio ya kuchoma.